Chanjo ni bure, kilichonigharimu ni karatasi

Wacha nianze na hesabu maana ndio inauma. Tangu kijana wetu wa pili azaliwe 2022 sijawahi kutoa hata shilingi moja ya sindano yake, chanjo za watoto kwa hospitali za serikali ni bure na kweli ni bure, lakini nikijumlisha nauli za kurudi kliniki mara ya pili na ya tatu, siku za kazi zilizoenda na maji, na ile pesa ya kubadilisha tiketi ya ndege nitakayowaambia huko mbele, imepita elfu thelathini. Elfu thelathini bana. Na karibu yote ni ya uzembe wa tarehe na makaratasi. Nimeamua niandike yote hapa, hata yale ya aibu, kwa sababu kila nikimsimulia mtu hii stori ananiambia hata yeye yalimpata, na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake.

Mimi ni fundi wa friji. Nimekaa Nakuru miaka mingi, Free Area, mpaka Aprili 2023 tukahamia Kisumu kwa sababu mama yangu yuko Vihiga na alikuwa ameanza kuugua, nikaona heri niwe karibu. Tuna msichana aliyezaliwa 2013 na huyu kijana wa Septemba 2022. Kwa huyo wa kwanza mambo ya kliniki yalikuwa ya mama yake, mimi nilikuwa nauliza tu "mlienda?" nikiambiwa ndio nageuka upande ule mwingine. Huyu wa pili alizaliwa wakati mke wangu amepata kazi ya duka isiyo na ruhusa, kwa hivyo kliniki ikawa yangu.

Alizaliwa Ijumaa jioni. Jumamosi tunaruhusiwa kwenda nyumbani nesi anatuambia matone ya polio amepewa, lakini BCG, ile ya kifua kikuu ya mkono wa kushoto, leo hawafungui, turudi Jumanne. Mimi nikawaka. Hospitali kubwa hivi inakosaje sindano ya mtoto mchanga, hapa kuna mtu anaiuza, nikaongea maneno ambayo nikikumbuka leo naangalia chini. Jumanne ilipofika nilikuwa na kazi ya kolduruma, chumba cha baridi cha buchari, nyama ya mtu inaoza, sikuenda. Jumanne iliyofuata nikasahau. Mtoto alikuja kupata BCG akiwa na wiki 6 pamoja na zile zingine.

Hiyo siku ya wiki 6 ndio nilielewa, na nikaelewa kwa sababu ya kazi yangu. Nesi alisikia nikinung'unika akaniita karibu na friji yake akaniuliza, "Baba, wewe unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akacheka, akasema basi wewe nitakueleza mara moja tu. Akanionyesha chupa ndogo ya BCG, ndani ni unga, inachanganywa na maji yake maalum, na chupa moja ni ya watoto 20. Ukishaichanganya ina masaa 6, baada ya hapo unamwaga, hata kama umechoma mtoto mmoja na dozi 19 zimebaki. Kwa hivyo kliniki nyingi zinapanga siku, watoto wakusanyike ndio chupa ifunguliwe. Ya surua na rubella pia iko hivyo, unga na masaa 6, ila yake ni ya watoto 10. Kumbe hakuna aliyekuwa anaiuza. Akanionyesha pia ile alama kwa chupa, mraba mdogo ndani ya duara, mraba ukiwa mweupe kuliko duara dawa ni sawa, joto likiingia unazidi kuwa mweusi na ukifanana na duara chupa hiyo ni ya kutupa. Friji inatakiwa ikae kati ya digrii 2 na 8, sio chini sio juu, kuna chanjo zikiganda zimekufa. Mimi nimetengeneza friji miaka kumi na tano na sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu kila asubuhi na kila jioni anaandika joto la friji kwa karatasi ukutani.

Kwa hivyo kitu cha kwanza: siku unapotoka na mtoto hospitali, usiulize tu "kuna BCG?", uliza wanafungua siku gani, saa ngapi, na uweke kwa simu ikulilie. Na fika mapema, sio kwa sababu foleni ni ndefu (ni ndefu) lakini kwa sababu ukifika saa tisa na chupa ilifunguliwa saa mbili asubuhi, umejiletea safari nyingine.

Kwenye hiyo foleni nilikuwa mwanaume peke yangu. Kule kwetu kuna nesi mmoja aliyekuwa na tabia ya kuita wababa mbele, ati tutiwe moyo, na mara ya kwanza akiniita wamama kwa benchi waliguna mpaka nikasikia baridi ya shingo. Mmoja akasema kwa sauti, "Sisi tumekuja na matatu tangu saa kumi na mbili, yeye anapitishwa kwa sababu ana ndevu." Alikuwa na haki. Mara ya pili nikakataa, nikakaa foleni yangu, na hapo ndio nikaanza kupata elimu maana benchi la kliniki lina wataalamu kuliko ofisi ya daktari. Ni wao walioniambia mtoto avae suruali ya kutoka haraka sio ile ovaroli ya vifungo ishirini, ni wao waliniambia ya wiki ya 14 ndio ngumu kwa sababu sindano ni tatu, ile ya tano-kwa-moja, ya nimonia na ya polio, juu yake na matone, na kwamba usiku huo usipange kulala.

Kidonda cha BCG nacho kilileta vita nyumbani. Wiki kadhaa baada ya sindano mkono ulivimba kidogo ukatoa kausaha, na mama mkwe akiwa ametutembelea kutoka Molo akasema mtoto amechomwa vibaya, akaleta chumvi na maji moto, mwingine akasema dawa ya meno. Mke wangu akaniangalia mimi kama ndiye nilishika sindano. Tukarudi kliniki, nauli hiyo, tukaambiwa hicho ndicho kinatakiwa, usipake chochote, usifunge, osha na maji ukimuogesha na uache. Kilipona chenyewe kikaacha kovu. Kumbukeni hilo kovu.

Sasa kuhama. Aprili 2023 tumepakia lori, na mimi kwa akili zangu nikaweka kitabu cha kliniki, kile cha mama na mtoto, ndani ya katoni ya vikombe nikisema vikombe hakuna mtu atavitupa. Kericho mvua ikatupata, na nyinyi mnajua mvua ya Kericho, turubai likavuja, na katoni ya vikombe ndio ilikuwa chini ya hilo shimo. Tulipofungua Kisumu vikombe vilikuwa salama. Kitabu kilikuwa uji. Zile kurasa za ujauzito zilisomeka, za chanjo wino ulikuwa umekimbia wote, unaona tu mahali muhuri ulikuwa.

Nikaona si mambo, kwani mtoto amechanjwa si amechanjwa, iko kwa mwili. Mei nikampeleka kituo cha karibu na Mamboleo kwa vitamini A, wakaniuliza kitabu nikawapa huo uji. Nesi, mama mmoja wa makamo, alikishika na vidole viwili kama samaki aliyeoza. Akamwita mtoto "nyathina", yaani mtoto wangu kwa Kijaluo, akamkunja mkono wa kushoto, akaona kovu, akasema sawa, BCG naiona. Zingine je? Nikaanza kukariri. Wiki 6, wiki 10, wiki 14. Tarehe? Sijui. Alipata zote? Nafikiri. Akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, mimi siwezi kuandika nafikiri." Na akanieleza kwamba kama hakuna rekodi kabisa wanaweza kurudia, dozi ya ziada kwa kawaida haina madhara, lakini ni mtoto wako anayechomwa tena na ni wewe unayebeba, heri utafute.

Kumbe rekodi ipo. Kila kliniki ina rejista kubwa wanaandika jina la mtoto, la mzazi, tarehe ya kuzaliwa na kila sindano. Nikampigia shemeji yangu Nakuru, nikamtumia mia tano ya nauli na chai, akaenda na tarehe ya kuzaliwa na jina la mke wangu, wakamzungusha kidogo (wana haki, si kila mtu anapewa habari za mtoto wa watu, ikabidi mke wangu aongee nao kwa simu), mwishowe wakamtolea tarehe zote kwa karatasi yenye muhuri. Nesi wa Kisumu akahamisha zote kwa kitabu kipya. Siku nne za mzunguko kwa sababu ya katoni ya vikombe. Siku hizi kila akichomwa, kabla sijatoka mlangoni napiga picha ule ukurasa na natuma kwa mke wangu na kwa shemeji, iko kwa simu tatu. Kitabu chenyewe kiko ndani ya karatasi ya nailoni pamoja na hati ya shamba ya mama.

Halafu huyo nesi wa Kisumu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Na ya malaria?"

Nikamwambia mama, malaria haina chanjo. Watu wawili nyuma yangu wakacheka. Nilikuwa nimetoka Nakuru, huko hawakuwa wanachoma, wakati huo hii ilikuwa ya kaunti za huku kwa ziwa na Magharibi tu: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Ilianza Septemba 2019 kule Ndhiwa, na hata ndani ya hizi kaunti kuna maeneo yaliyokuwa hayajafikiwa mpaka yakaongezwa mengine 2023. Kwa hivyo mtu anayehama kutoka Bonde la Ufa kuja huku hana njia ya kujua, hakuna anayekuambia barabarani. Swali langu la kwanza nakiri lilikuwa la kijinga na la haki kwa wakati mmoja: mnatufanyia majaribio? Akasema majaribio yaliisha zamani, na yalifanywa hapa hapa, Kombewa na Siaya, na Kilifi kule Pwani, kati ya 2009 na 2014, wale watoto sasa ni vijana, na 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha itumike. Kombewa mimi nimeenda kutengeneza friji ya soda, ni hapo tu.

Wakati huo ratiba ilikuwa miezi 6, 7, 9 na ya mwisho akifika miaka 2. Wangu alikuwa na miezi 8. Akaniambia hajachelewa, tuanze leo. Tukaanza, mwezi uliofuata ya pili pamoja na ya surua ya miezi 9, kisha ya tatu. Usiku wa ya kwanza alipandisha joto, mke wangu akakaa naye mpaka alfajiri akiniambia hii ndio malaria umemdunga. Tulikuwa tumeambiwa joto linaweza kuja, tukampa panado ya maji kwa kipimo cha kilo zake walichotuandikia, asubuhi alikuwa anatafuta uji. Ila sikilizeni, kama joto linakataa kushuka au mtoto ana degedege au hanyonyi, hiyo si ya kukaa nyumbani mkilaumiana, beba mtoto. Na huku malaria yenyewe iko, usiseme ni sindano tu, aende apimwe.

Ile ya nne ndio watu wengi hupoteza, na mimi nilikuwa karibu. Mtoto akishapata ya surua ya pili ya miezi 18 mzazi anajiona amemaliza, kitabu kinaingia kabatini. Mimi nilikumbushwa na yule mama wa afya wa mtaa wetu, CHP, anayepita nyumba kwa nyumba na begi na simu yake, alinikuta nje nikipiga gasi akasema kijana wako ana deni. Alikuwa ametimiza miaka 2 wiki mbili zilizopita. Bila hiyo ya nne, kinga ya zile tatu inazidi kupungua. Ratiba hizi pia zinabadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo usinukuu tarehe zangu, soma kitabu cha mtoto wako na umuulize nesi. Na neti bado. Sisi tulikuwa tumeacha neti Nakuru tukisema ni mzigo, tukanunua zingine hapa, maana chanjo haizuii malaria yote. Kijana aliugua mara moja 2024, akapewa vidonge, hakulazwa. Kama ni chanjo iliyosaidia au ni bahati, mimi ni fundi wa friji, siwezi kuwaambia.

Msichana naye. Februari 2023 kabla hatujahama, akiwa darasa la nne, walichanjwa shuleni ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, HPV, ambayo hapa Kenya ilianza Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Wakati huo ilikuwa dozi mbili, miezi 6 katikati. Kulikuwa na kelele kwa grupu la wazazi, mmoja anasema itawafunga kizazi, mwingine akarudisha ule mzozo wa 2014 wa chanjo ya pepopunda, ambayo nayo watu walidai hivyo hivyo, na dada yangu mkubwa akanipigia nikatae. Nilikaa nalo siku mbili. Kilichoniamulia ni kwamba shangazi yetu alikufa na hiyo saratani, tulimuuguza nyumbani, na dada yangu alikuwepo, nikamuuliza tu unakumbuka ile harufu ya chumba? Akanyamaza. Nikatia sahihi.

Ya pili ilikuwa Agosti. Agosti tuko Kisumu, shule mpya, huku walikuwa wamechanja tayari mwezi mwingine na hakuna aliyejua kuna mtoto wa Nakuru ana nusu. Na ile kadi ndogo waliyompa shuleni alikuwa ametumia kuweka alama ndani ya kitabu cha hadithi. Tuliipata ndani ya hicho kitabu Juni 2024. Mimi nilidhani tutaanza upya, nikawa naona haya kumpeleka, nesi akasema hapana, haianzwi upya, unapokea iliyobaki, akachomwa dakika mbili tukaenda zetu kula samaki. Mwaka mzima wa haya kwa kitu cha dakika mbili. Siku hizi naambiwa wamegeuza ni dozi moja, kwa hivyo wenye mabinti wa miaka 10 mna raha.

Mtu mzima naye usijione umemaliza. Mwisho wa 2023 bati la kondensa ya friji lilinikata kiganja, nikaenda kushonwa, daktari akauliza mara ya mwisho ulichomwa ya pepopunda lini. Nikacheka. Nani anajua? Mke wangu anajua yake kwa sababu wajawazito wanachomwa na iko kwa kitabu, mimi mwanaume nilichomwa nikiwa mtoto, pengine, karatasi ilikuwa kwa sanduku la mama lililoliwa na mchwa. Nikachomwa, nikaambiwa nirudi baada ya wiki 4 na tena baada ya miezi 6. Ya wiki 4 nilienda. Ya miezi 6 sikuenda. Nimeandika ili nione aibu vizuri, na mafundi wenzangu wa mabati na waosha bucha wanaosoma hii mjiulize hilo swali la daktari.

Sasa tiketi. Mwanzo wa 2025 moyo wa mama ulikuwa umefika pabaya, ndugu wakachanga, harambee ikafanywa Mbale, hapo Vihiga, na tukapata nafasi ya upasuaji India. Mimi ndiye wa kumsindikiza. Visa ya matibabu ikatoka, tukakata tiketi za tarehe 11 Februari, na ni hapo mtu akaniambia, kadi ya manjano mko nayo? Kutoka Kenya kwenda India lazima cheti cha chanjo ya homa ya manjano, bila hicho wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6. Nikasema rahisi, nikaenda kituo chetu cha Mamboleo. Hawana. Nikaenda hospitali moja binafsi, wanaitoa karibu elfu tano lakini imeisha. Siku mbili zikaenda hivyo. Si kila hospitali inaruhusiwa kutoa hiyo kadi, ni vituo maalum vyenye muhuri wake, ukikosea unaweza kuchomwa dawa ya kweli na upewe karatasi ambayo uwanja wa ndege hawaitambui. Piga simu kwanza, au uliza watu wa afya wa bandari na uwanja wa ndege, Port Health, wakuelekeze.

Nikachomwa Jumatatu tarehe 3 Februari, yangu ilikuwa ya kulipia, chini ya elfu tatu. Nikiwa navuta shati chini naona mhudumu anaandika "kuanzia tarehe 13". Nikamwambia dada umekosea, leo ni 3. Akasema la, kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, mwili unahitaji hizo siku. Ndege yetu ni 11.

Nilikaa kwa kile kiti nikahesabu na vidole kama mtoto. Ningeenda wiki moja mapema, wiki moja tu, nisingelipa elfu kumi na nane na mia tano ya kubadilisha tiketi mbili, na hospitali ya India isingesogeza tarehe ya mama. Na hizo pesa zilikuwa za harambee, pesa za watu, ikabidi nisimame mbele ya wazee nieleze. Tukasogeza mpaka tarehe 15.

Kuna jambo lingine dogo pale pale. Nilikuwa nimebeba kitambulisho badala ya pasipoti, na majina yangu yamepangwa tofauti, wakaniambia rudi na pasipoti maana jina la kadi lazima lifanane nayo herufi kwa herufi. Nje ya geti jamaa mmoja akaniambia kwa nini unasumbuka, yeye ana kadi zenye muhuri, hakuna sindano, hakuna siku 10, tarehe unachagua. Sitadanganya, nilifikiria. Kilichonizuia si uaminifu, ni kwamba mama ndiye angeenda karantini na moyo ule kama tungekamatwa. Na homa ya manjano yenyewe si hadithi, 2022 iliua watu Isiolo, hapa hapa Kenya. Yule kijana ninayemfundisha kazi ni wa Baringo, huko na Elgeyo Marakwet watoto wanachomwa hiyo wakiwa na miezi 9, yeye lazima alichomwa, lakini kitabu chake hakipo, kwa hivyo akitaka kusafiri atachomwa tena kama mimi. Habari njema ni kwamba ukishachomwa ni ya maisha, tangu Julai 2016 hawasemi tena miaka 10, hata ile kadi yako ya zamani iliyoandikwa imeisha bado inafanya kazi kama unayo.

Mama yeye hakuchomwa. Nilikuwa nimempeleka nikidhani ni foleni tu, daktari akamuuliza umri, miaka 66, dawa anazotumia, kama amewahi kupata hii chanjo, akaweka kalamu chini. Hii ni chanjo ya kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtu aliyepita miaka 60 akiipata mara ya kwanza hatari ya madhara makubwa iko juu kuliko ya kijana, wajawazito pia wanapimwa hivyo hivyo, na wale kinga yao iko chini au wana aleji kali ya mayai. Kwa mama mwenye upasuaji mbele yake akaona heri asichomwe. Akaandika kwenye kadi ile ile, kuna ukurasa wa msamaha wa kidaktari, akapiga muhuri na sahihi. Lakini akatuonya wazi: nchi unayoenda ndiyo inaamua kama itaukubali. Kwa hivyo tukautuma kwa hospitali ya India na kwa waliotupa visa kabla ya kusafiri, tukasubiri jibu la maandishi, nikalichapisha. Tulipofika wakatuweka kando kama saa moja na nusu, wakampima joto, wakaandika tutakaa wapi na simu yangu, wakatuachilia. Ningefika na mdomo mtupu sijui ingekuwaje. Wenye wazazi wazee wanaopelekwa nje au wanaoenda hija, anzeni na daktari mwezi mzima kabla, msianze na tiketi.

Upasuaji ulienda vizuri. Mama amerudi, yuko Vihiga anapigana na kuku.

Julai 2025 ikaja ile kampeni ya chanjo, tarehe 5 mpaka 14, surua na rubella kwa walio na miezi 9 mpaka chini ya miaka 5 na taifodi kwa kuanzia miezi 9 mpaka miaka 14. Mimi safari hii nilikuwa wa kwanza, nimebeba kitabu, nimebeba kadi ya msichana, wakaniambia ya kampeni inatolewa hata kama mtoto alishapata za kawaida, kijana akachomwa zote mbili, dada yake ya taifodi, wakapakwa wino kidoleni. Nikapiga picha.

Jumamosi hiyo tukaenda kwa mama na watoto wakamwonyesha vidole. Akakunja mkono wa gauni akawaonyesha begani kovu lake, la mviringo lenye mikunjo, la ndui, ugonjwa ambao hata haupo tena. Msichana akamuuliza ulichomwa lini shosho. Akasema alikuwa mdogo, walipangwa foleni kwa chifu, mzungu mmoja na karani, na kila mtoto aliyelia alichapwa kwanza na mama yake. Mwaka hakumbuki.

"Walikupa karatasi?" nikamuuliza.

"Karatasi ya nini?"